Hereni za Ng'ombe wa Shimba

Hebu niambie, umewahi kumwona Msukuma akiinamisha uso pale anaposifiwa ng'ombe? Mimi nimemwona, na ni mwanangu wa kumzaa. Watu wa huku kwetu, upande wa Magu unaotazama ziwa, ukimwambia mtu kwamba ng'ombe wake wamenenepa, atacheka mpaka magego yaonekane, kisha atajifanya anakukatalia ili umsifu tena. Shimba wangu ukimwambia hivyo anatazama chini, anachokoa udongo kwa kidole gumba cha mguu, halafu anakuuliza kama kwenu mvua imenyesha.

Ndivyo alivyofanya siku aliyokuja Winnie na watu wa maabara.

Winnie ni binti yake Shimba, mjukuu wangu. Amesomea udaktari wa mifugo, na sasa yuko Mwanza mjini kwenye maabara wanakotafuta chanjo mpya za ng'ombe. Alishuka kwenye gari jeupe lililojaa vumbi, kavaa buti za mpira za kijani, na nyuma yake akashuka mkubwa wake wa kazi, Daktari Minaz. Huyu ni mama wa Kihindi, lakini amezaliwa Mwanza, na baba yake kazaliwa Mwanza, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alijifunga mtandio wa rangi ya udongo, nikasema moyoni, huyu ana akili, vumbi letu halitaonekana.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, michembe iko tayari."

Nilikuwa nimeichemsha, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, na karanga za kutwanga, na maziwa mgando pembeni. Daktari Minaz alikula, akaongeza bila kubembelezwa, akafuta bakuli kwa kidole. Nikampenda palepale.

Walipomaliza wakaenda zizini. Ng'ombe walikuwa hawajatoka kwenda malishoni, wamejaa zizi zima, mmoja anamlamba mwenzake sikio.

"Mzee Shimba, umejaliwa," akasema Daktari Minaz.

Shimba akatazama chini. Kidole gumba kikaanza kazi.

"Ni wako wote? Usinielewe vibaya, lazima niulize. Sisi hatumgusi mnyama mpaka mwenyewe aridhie."

Kabla Shimba hajafungua mdomo, Winnie akacheka. "Daktari! Hawa ni ng'ombe wa baba yangu. Mimi nimekuzwa na maziwa ya zizi hili."

Shimba akanitazama. Nilikuwa nimeshika kata ya kunawisha wageni mikono.

"Wangu," akasema. "Wa nani tena?"

Akapewa karatasi ya ridhaa, akatia sahihi kwa herufi kubwa kubwa kama anavyoandika siku zote.

Basi, ng'ombe wale hawakuwa wake. Wote walikuwa wa mama mmoja wa Nansio, Ukerewe, anaitwa Paskazia, mfanyabiashara wa dagaa. Kule kisiwani malisho ni haba, ardhi yote ni mihogo na nyumba za watu, kwa hiyo Paskazia akipata faida huvuka na meli, ananunua ng'ombe minada ya huku, anamwekea Shimba amchungie. Ni mila ya tangu zamani kwetu kuweka ng'ombe kwa rafiki. Anayewekewa anakunywa maziwa, anapata samadi, analimia maksai. Ila hauzi, hachinji, wala hawatii alama bila mwenyewe kujua. Na jirani mwenye adabu hamwulizi mtu, ng'ombe hawa wa zizini kwako ni wa nani. Hilo swali kwetu ni kama kumwambia mtu avue nguo. Daktari Minaz aliuliza kwa sababu kazi yake inamtaka aulize, na aliuliza mbele ya mtoto. Shimba angejibu nini?

Utauliza, na wa kwake walikwenda wapi?

Walikufa. Mwaka ule Winnie yuko chuoni Morogoro, uliingia ugonjwa wa mapele ngozi. Kabla haujafika kwetu wachanjaji walipita kila boma. Shimba aliwafungia lango. Alisimama pale na fimbo akawaambia, pitieni kwingine, za kwenu nazijua.

Alikuwa na sababu yake. Zamani kidogo kabla ya hapo ng'ombe wetu walichanjwa chanjo nyingine, ya miguu na midomo, ikawaachia uvimbe shingoni kama ndimu. Shimba akapeleka maksai wake mnadani, dume la rangi ya majivu, zuri sana. Mnunuzi akaubonyeza ule uvimbe, akanusa vidole vyake, akasema kwa sauti, "Mzee, unatuuzia usaha?" Mnada mzima ukacheka. Shimba akarudi na dume lake kwa miguu, na Winnie, wakati huo yuko sekondari, ndiye aliyekuwa ameshika kamba. Njiani mtoto akamwambia, "Baba, mimi nitasoma, nitengeneze chanjo isiyoacha uvimbe." Maneno hayo Winnie anayasimulia mpaka leo. Amewasimulia maabara nzima. Kila akiyasimulia husema, ni baba yangu aliyenionyesha njia, na kila akisema hivyo Shimba hutafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake, hata kama ni kufungua kamba iliyokwisha kufungwa vizuri.

Kwa sababu baada ya lile lango kufungwa, mapele yalikuja. Sijui kama umewahi kuyaona. Ngozi ya ng'ombe inatoka vifundo toka puani mpaka kwenye chuchu, vinapasuka, ngozi inadondoka kwa viraka vya mviringo, nzi hawaondoki. Ndama ananyonya, mama anampiga teke kwa maumivu. Tulifukia mpaka Shimba akaazima majembe ya jirani. Waliochanja walipoteza mmoja, wengine hawakupoteza hata mmoja. Sisi alibaki jike mmoja, naye ngozi yake imebaki na makovu kama ukuta uliopigwa mawe. Shimba hamchungi pamoja na wale wa Paskazia. Anakaa nyuma ya nyumba yangu, penye ua wa minyaa, analetewa majani, asionekane na wageni. Mwaka huu alizaa ndama jike, mweusi, mwenye doa jeupe kama kijiko kwenye paji.

Winnie hakuambiwa. Alikuwa akipiga simu, "Baba, ng'ombe wazima?" na Shimba anajibu, "Wazima." Aliporudi likizo zizi lilikuwa limejaa tena, wa Paskazia. Nani atakumbuka rangi za ng'ombe wakati ng'ombe huzaliwa na kuuzwa? Mjukuu wangu aliona zizi limejaa, akashukuru Mungu, akaenda kunywa maziwa.

Nimeeleza kirefu, lakini bila hayo usingeelewa ile "wangu" ilikuwa na uzito gani.

Jioni ile Winnie alikaa nami jikoni akinisaidia kupukuchua mahindi. Nikamwuliza, hii chanjo yenu ina nini kipya?

"Mafuta, Bibi."

"Mafuta ya kupikia?"

"Siyo hayo," akacheka. "Sikiliza. Virusi vya mapele vilivyomo kwenye chanjo hii tumeviua. Haviwezi kumwumiza ng'ombe. Ila sasa mwili nao hauvijali, unavipita kama wewe unavyompita nyoka aliyekufa njiani. Kwa hiyo tunavichanganya na mafuta maalumu. Mafuta yanavishikilia palepale shingoni, yanaviachia kidogo kidogo, na yanaushtua mwili uamke uje kuvitazama. Ukishazikariri sura zake, siku virusi vizima vikija, vinakuta vinajulikana."

"Basi mafuta ndiyo yanayopiga mwano," nikamwambia. Mwano ni yowe letu la kuita kijiji kizima ng'ombe wakiibwa.

"Enhee! Umemaliza, Bibi. Sasa shida ni kwamba yowe likizidi watu wanajaa na mapanga mpaka wanabomoa nyumba ya mwenye kuibiwa. Ndio uvimbe. Mafuta ya zamani yanapiga yowe kubwa mno. Haya yetu matone yake ni madogo sana, mepesi. Tunataka waje walinzi, wafanye kazi, waondoke, nyumba ibaki nzima."

"Na mtajuaje kama wamekuja walinzi wa kutosha?"

"Ndiyo maana tunachukua damu. Tunatazama kama kinga imepanda. Wengine tunawapa mafuta ya zamani, wengine mapya, kila mmoja na namba yake ya hereni. Mimi mwenyewe sijui nani kapewa yapi. Daktari Minaz naye hajui. Anajua mtu mmoja tu aliyebaki mjini."

"Kwa nini mnafichana?"

"Ili tusijidanganye. Mtu anaona anachokitaka, Bibi."

Shimba alikuwa mlangoni amebeba kuni. Aliziweka chini moja moja, polepole, kama mtu anayeweka mayai.

"Winnie," akasema.

"Naam, baba."

"Nilitaka kukwambia…"

"Ndiyo?"

"Buti lako moja limepasuka kisigino. Maji yataingia."

Kesho yake wakajenga kibanio cha miti, ile njia nyembamba ya kumpitisha ng'ombe mmoja mmoja asiruke. Shimba alishika vichwa. Kila ng'ombe alipigwa hereni ya njano sikioni, tap! kisha sindano shingoni. Winnie alikuwa na chuma kama koleo chenye namba, cha kupimia uvimbe, na aliahidi kurudi nacho mara kwa mara. Majirani walikaa uani wakitazama, na maboma yao pia yakachanjwa, maana walisema kama Shimba ameridhia, yeye aliyewafukuza wachanjaji kwa fimbo, basi hii ni chanjo nyingine kabisa. Hakuna aliyelitaja lile lango mbele ya Winnie. Na kama kuna aliyejua ng'ombe ni wa nani, alinyamaza kwa adabu.

Wiki zilivyokwenda nami nilianza kuona. Ng'ombe wengine walitoka ndimu shingoni kama zile za zamani. Wengine, unapapasa, huoni kitu, au unakuta kichembe kama punje ya kunde, na mara ya pili kimeondoka. Winnie alipima, akapiga kelele za furaha kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

"Sijui kitu," akasema. "Sijui kitu bado. Bibi, nizuie nisifurahi."

Huku nyuma Paskazia akapiga simu. Simu ya Shimba spika yake mbovu, inasikika hadi kwa jirani, kwa hiyo akaipokelea chooni. Hata hivyo nilisikia.

"Shimba! Uko hai?"

"Nipo mama, shikamoo."

"Shikamoo ya nini, mimi si bibi yako. Sikia. Mwanangu Elias anaoa. Binti wa Misungwi. Wakwe wanataka mahari ng'ombe wa kutazamika, siyo mifupa. Nakuja kuchagua."

Shimba alitoka chooni uso umekauka. Nikamwita, nikamkalisha kwenye kigoda.

"Shimba, mwambie mama huyu ng'ombe wake wamechanjwa. Leo. Na mwambie mtoto."

"Mayu, mama yangu, imebaki damu ya mwisho. Wakishaichukua nitasema."

"Ukisema sasa ni wewe umesema. Ukichelewa watakuwa wamekukamata."

Alizungusha kofia yake mikononi. "Mtoto anapita kila mahali akisema baba yake ndiye aliyemfundisha. Nitamwambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyefunga lango? Kwamba ng'ombe wetu walikufa kwa kukosa kitu kilekile anachokisomea? Hata zizi silo langu, Mayu. La dagaa."

Nilimwona mtu mzima, mvi zimeanza, anaongea kama siku ile alipovunja chungu changu cha maji akiwa mdogo. Nikamwacha. Subira ni kitu kizuri lakini wakati mwingine ninajiuliza kama nayo si aina ya uvivu.

Ilipofika siku ya damu ya mwisho, gari jeupe lilikuja mapema, madeli ya barafu yakashushwa, meza ndogo ikawekwa kivulini kwenye ukuta wa ghala. Kazi ilikuwa imefika katikati. Shimba alikuwa amemshika ng'ombe puani, Winnie amepiga goti na kichupa cha damu mkononi, Daktari Minaz anabandika namba. Hapo ndipo bodaboda ikaingia.

Alishuka mama mnene kajifunga kitenge cha samaki wa bluu, na mfuko wa sandarusi unaonuka dagaa. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Paskazia. Pole na safari."

"Dagaa wako hawa, nimekuchagulia wasio na mchanga." Akanikabidhi, akageuka, akaona zizi. Akaweka mikono kiunoni. "He! Jamani! Nani kawavalisha ng'ombe wangu hereni? Anayeoa ni Elias, au ni hawa?"

Watu wote wakacheka. Walikuwa wengi siku ile, wamekaa juu ya magogo ya ua. Kisha kicheko kikaanza kukatika, mmoja baada ya mwingine, kadiri kila mtu alivyofikiwa na lile neno. Ng'ombe wangu.

Winnie akasimama. "Mama, samahani. Umesema ng'ombe wa nani?"

"Wangu mimi, Paskazia wa Nansio. Kila kwato unayoiona hapo ni dagaa niliowaanika kwa mikono yangu. Kwani wewe nani, mwanangu?"

"Winnie. Binti yake Mzee Shimba."

"Ohoo, ndiye daktari!" Paskazia akampiga bega kwa furaha. "Baba yako akianza kukusifu kwenye simu, salio langu linaisha sijauliza hata habari za ndama!"

Winnie hakucheka. Alimgeukia baba yake. "Baba?"

Shimba hakumwachia yule ng'ombe. Alikuwa amemkumbatia shingo, uso wake umejificha upande wa pili.

Daktari Minaz akavua glavu, moja, halafu nyingine. Akazikunja. "Winnie, weka chini sindano."

"Daktari, imebaki nusu tu."

"Iweke chini."

Akamwendea Shimba. Sikusikia hasira kwenye sauti yake, na afadhali ningeisikia. "Mzee, nilikuuliza," akasema. Basi, hilo tu.

Paskazia alikuwa bado hajaelewa. Aliingia kwenye kibanio akapapasa shingo ya ng'ombe wa kwanza, akashtuka. "Na ndimu hii? Mmenichomea nini ng'ombe wangu? Wakwe wa Misungwi watapokea mahari yenye majipu?" Winnie akaanza kumweleza kwa sauti ndogo kwamba ni chanjo, kwamba ni mafuta, kwamba si ugonjwa. Yule mama akawa anasikiliza huku anapita kwa kila ng'ombe na mkono wake wenye bangili. "Huyu ndimu. Huyu laini. Laini. Huyu laini kabisa. Huyu ndimu." Alipofika mwisho akasema, "Basi hao laini ndio wa mahari. Hao ndimu watangoja."

Nilimwona Winnie na Daktari Minaz wanatazamana. Kile walichokuwa wakikitafuta kwa koleo na namba, mama wa dagaa alikuwa amewachagulia wakwe zake: ng'ombe aliyechanjwa na bado anafaa kupelekwa ukweni. Macho ya mjukuu wangu yaling'aa kidogo tu, halafu yakazimika, maana alikwisha kujua kinachofuata.

"Sitaweza kutumia damu ya zizi hili," akasema Daktari Minaz. "Ya leo wala ya nyuma. Mwenyewe hakuridhia. Nitawaandikia wakubwa wetu nieleze ilivyokuwa, na mama huyu nitamweleza kila kitu tulichowachoma ng'ombe wake, na tutawafuatilia mpaka mwisho. Maboma mengine yapo, kazi haitakufa. Lakini hili linatoka."

"Hili ndilo la nyumbani," akasema Winnie.

"Najua, mwanangu."

Paskazia sasa alikuwa ameelewa. Sauti yake ilishuka, ikawa ya mtu mwingine. "Shimba, mbona hukuniambia? Mimi ni mtu wa kuulizwa. Ungeniuliza ningekubali, na samaki ningewaletea hao madaktari wakala."

Shimba akamwachia ng'ombe. Akasimama mbele ya yule mama, kofia mkononi. "Nimekukosea, mama. Mali yako nimeiita yangu mbele za watu." Ilikuwa sauti ya kusikika vizuri. Wale wa juu ya magogo walianza kushuka mmoja mmoja. Huyu kakumbuka shamba la pamba, huyu kaona mbuzi wake wamepotea. Hakuna aliyeaga. Waliona ni vyema tubaki wenyewe.

Winnie alikuwa akimwaga damu. Kichupa kwa kichupa, kwenye ndoo ya dawa, anabandua namba na kuziweka kwenye mfuko. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba, wetu wako wapi?"

Shimba akaanza kukung'uta vumbi la kofia yake.

"Baba, nimekuuliza. Wale niliowaacha. Dume la majivu. Yule wa pembe moja."

"Nilitaka kukwambia…" akaanza.

Ng'ombe mmoja akatikisa sikio, hereni ikapiga ubao.

Shimba akageuka akaondoka. Alizunguka nyuma ya nyumba yangu, na Winnie akamwangalia mgongo mpaka ukapotea. Kisha akachukua deli, akalibeba kwenda garini, akajikwaa na lile buti lililopasuka, akalitua chini na kubaki ameliinamia. Nilikwenda nikasimama karibu naye. Sikumgusa. Kuna wakati mtu akiguswa ndipo anapovunjika.

"Bibi, wewe ulijua."

"Nilijua."

"Kijiji kizima?"

"Walijua ya lango. Haya ya Paskazia, aliyejua alinyamaza."

"Mimi nimesimama mbele ya watu wenye elimu zao," akasema, "nikawaambia baba yangu ndiye…" Alijipangusa uso kwa mkono wa koti.

Paskazia alikuja akanong'ona nyuma yangu, "Mama, nimeharibu."

"Hujaharibu chochote. Kaa chini, nitakupa michembe."

Hatukukaa, kwa sababu tulisikia kwato. Shimba alikuwa anakuja kutoka uani kwa minyaa, kamba begani, anamvuta yule jike wa makovu. Tangu mwaka wa mapele ng'ombe yule hakuwahi kuvutwa mbele ya wageni. Kwenye jua makovu yalionekana yote, mviringo kwa mviringo, mengine hayana manyoya, titi moja limekauka. Nyuma yake alikuja ndama mweusi akirukaruka, hajui lolote, akaenda kuinusa meza ya Daktari Minaz.

Shimba alisimama mbele ya binti yake. Kidole gumba hakikuchokoa udongo.

Winnie aliwatazama wale ng'ombe. Alisogea akapitisha kiganja juu ya makovu ya jike, polepole, kama anasoma. Aliyafahamu. Ndiyo kazi yake kuyafahamu. Alipomgeukia baba yake, alimwuliza kwa ile sauti ya kazini, bila kucheka, kama ilivyotakiwa kuulizwa tangu siku ya kwanza.

"Mzee, huyu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na wengine?"

"Wamelala kule chini kwenye mkonge. Dume la majivu, wa pembe moja, wote. Wachanjaji walikuja, nikawafungia lango." Alisema yote kwa pumzi moja, kisha akavuta nyingine. "Ule mnada uliniuma, mwanangu. Nilisema heri wafe kuliko kuchekwa tena. Basi wakafa. Wewe ukawa unapiga simu kuniambia unasomea chanjo kwa ajili yangu. Ningekwambiaje?"

Daktari Minaz alikuwa amesimama na mfuko wa namba mkononi, akaangalia pembeni, ziwani.

Shimba akainama, akamshika yule ndama mweusi chini ya kidevu, akamgeuza shingo upande wa kushoto, laini, haijawahi kuguswa na sindano.

"Mama yake alipona mwenyewe," akasema. "Huyu hajaugua wala hajachanjwa. Hana mwenyewe mwingine. Kama siyo kwa hayo mafuta mapya, kwa yoyote mnayoruhusiwa, hata ya ndimu. Siku ile ya kwanza, mlipoingia zizini, nilitaka kukwambia hivi: Winnie, baba yako ana ndama mmoja tu. Nilitaka umchanje huyu."